Potopoto ya Kuletwa na Kamio

Nianze na siterni, ile gari ya maji, kwa sababu hasira yangu ilianza pale, kabla hata jipe moja haijawashwa.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Munigi, nje ya Goma, kwenye mawe meusi ambayo volkano ilitumwagia. Pale maji hayakai. Mvua inanyesha, mawe yanaimeza, na baada ya saa moja unatembea tena kwenye vumbi. Kando ya mawe kulikuwa na kambi ya watu waliokimbia vita ya upande wa Rutshuru, na wanawake wa kambi walikuwa kwenye mustari wa robine ya maji tangu alfajiri, bidoni za manjano zimepangwa mbele yao. Siterni ikatokea barabarani, kubwa, inadondosha maji nyuma. Watoto wakafurahi, wakaanza kuikimbilia na bidoni zao. Siterni haikusimama. Ikapita robine, ikapita mahema, ikaenda mupaka kwenye shimo ambalo kamio nyingine, ya kubeba muzigo, ilikuwa imemwaga udongo mwekundu, na maji yote ikayamwaga mule.

Walikuwa wanatengeneza potopoto. Narudia, musije mukafikiri huyu mama hajui kuandika: walileta udongo na kamio, wakaleta maji na siterni, wakakoroga potopoto mbele ya watu wenye kiu, ili magari yao yapate mahali pa kukwama.

Ndiyo ilikuwa kazi ya kile kilabu. Watu wenye jipe za zamani, za tangu wakati wa Wabelgiji, wanakutana wikendi moja na kushindana nani atapita mahali pabaya kuliko wengine. Kulikuwa na wazungu wa mashirika, kulikuwa na wafanyabiashara wa mujini na watoto wao. Jipe zilikuwa zimepakwa rangi mupya, zinang'aa kama wazee waliooa wasichana. Muzungu mumoja alikuwa anasugua taa za yake na muswaki. Muswaki wa meno.

Nilimufuata prezida wa kilabu. Alikuwa mufanyabiashara, mwenye kamio zinazobeba saruji na vyakula kwenye barabara ya kaskazini, mutu wa tumbo kidogo, filimbi shingoni.

"Papa prezida," nikamwambia, "wale watoto na bidoni, hukuwaona?"

"Mama muzee, ile ni maji ya ziwa. Haiko ya kunywa."

"Mimi nakunywa maji ya ziwa tangu nifike huu muji. Unaniona niko namna gani?"

Akaniangalia toka kitambaa cha kichwa mupaka viatu. "Uko muzima."

"Basi."

"Mama, wewe uko na nani hapa?"

Nikamuonyesha jipe ya kijani, ile moja ambayo haikupakwa rangi, na miguu miwili iliyokuwa inatokeza chini yake.

"Aa," akasema, "wewe ndiye koko wa ule binti." Akacheka. Hakucheka vibaya, lakini alicheka.

Nikarudi kwenye jipe yetu. Haikuwa woga. Yule mutu alikuwa ameshika kazi ya mujukuu wangu mukononi, na mimi nilijua.

Mujukuu wangu alikuwa na miaka ishirini na miwili na permi ya kuendesha gari kubwa. Baba yake, mwanangu wa tatu, vita ilimubakiza Masisi chini ya udongo, kwa hiyo nilimulea mimi. Alikuwa amepeleka karatasi zake katika biro nyingi za wenye kamio humu mujini, na kila mahali waliuliza kitu kimoja: shofere ni nani, ni kaka yako? Mumoja alimwambia kwamba kamio inataka magoti ya mwanaume. Magoti. Mimi na haya magoti nimezaa watoto saba. Nimetembea toka Masisi mupaka Goma, muzigo kichwani na mutoto mugongoni, mara mbili, vita mbili tofauti. Na mutu anayekaa siku muzima kwenye kiti cha kuzunguka anasema juu ya magoti.

Prezida peke yake hakusema hapana. Alisema mbele ya mashofere wake wote: "Kuna mashindano ya kilabu. Ingia na ile jipe ya babu yako. Ukimaliza siku zote mbili bila kukokotwa na bila musaada wa mutu, nakupa kamio. Ukishindwa, usirudi hapa." Mashofere walicheka mupaka wakashikana mabega. Mutoto akajiandikisha siku ile ile.

Jipe ilikuwa ya mume wangu. Alikuwa shofere wa shamba la ng'ombe kule Masisi, na mwenye shamba, alipoona vita inakaribia, alipanda ndege akamuachia jipe badala ya kwaheri. Mara mbili mume wangu aliificha ndani ya migomba, na mara mbili aliirudia vita ilipopoa. Yeye ndiye alimufundisha mujukuu kuendesha. Alimukalisha juu ya gunia la maharagi ili aone mbele, na kila alipokosea vitesi, gia ikalia, alimwambia, "Umemukanyaga ng'ombe." Alikufa hapa Goma kitandani mwake, na kwa wakati wetu hiyo ni bahati kubwa.

Sasa nieleze jambo moja, kwa sababu bila hilo hamutaelewa upumbavu niliofanya. Kwenye barabara za Masisi, wakati wa mvua, gari haiendi na mafuta. Inaenda na watu. Ikikwama kwenye mupando wa kilima, hauulizi ni ya nani. Unatua muzigo, unafunga kitenge vizuri, unasukuma. Nimesukuma kamio za makabichi, nimesukuma jipe ya padri, nimesukuma gari ya askari ambao asubuhi yake walikuwa wamekula mbuzi wangu, na nilikuwa nawalaani na kusukuma pamoja. Mutu akipita karibu na gari iliyokwama na mikono yake imetulia, kwetu jina lake limeharibika. Hata akienda kuposa, watamukumbusha. Mikono yangu ilijua hiyo kabla ya kujua kalamu. Na kalamu yenyewe tuliachana mwaka wa ine wa primeri.

Jumamosi ile ilikuwa ya mawe. Walipanga vijiti na utepe, jipe inapita katikati, ukigusa kijiti unapoteza alama. Wale wa rangi mupya waliingia na nguvu, injini zinalia, na mawe ya volkano yakawakata matairi kama mutu anayemenya chungwa. Mujukuu wangu alipita polepole, kama mutu anayevuka chumba ambamo mutoto amelala. Hakugusa kijiti hata kimoja. Nilimwambia kila aliyesimama karibu yangu kwamba yule ni wangu. Wengine niliwaambia mara mbili.

Kijana mumoja, mutoto wa mufanyabiashara, mwenye jipe nyekundu, alimuita: "Dada, hiyo chuma umeichimbua wapi?"

"Uliza mbele," mujukuu akamujibu bila kugeuka. "Wewe huwezi kuiona vizuri, uko nyuma."

Jioni alikuwa wa tatu kati ya wote. Tulipokuwa tunakula sombe nyumbani, akaweka kijiko chini.

"Koko, kesho ni potopoto. Kama nakwama, hakuna mutu anagusa gari. Hata kidole."

"Hata ukizama?"

"Hata nikizama. Ni sheria. Anayesaidiwa anatoka."

"Nani aliandika hiyo sheria?"

"Sijui. Ni ya kilabu."

"Aliyeiandika hajakwama hata siku moja."

Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Koko, umesikia?"

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Na nilikuwa nimesikia. Naandika hili wazi, kwa sababu baadaye majirani wa kartie yetu walitaka kunisaidia na uongo, eti mama muzee hakujua, eti sheria ilisomwa kwa Kifaransa. Nilijua. Niliambiwa kwa Kiswahili, nyumbani mwangu, na sombe mudomoni.

Jumapili watu wa kambi walikuja wengi, baada ya maombi, wakajaa kandokando ya utepe. Kando yangu alisimama mama mumoja wa kambi, mutu wa Kalengera kule Rutshuru, mutoto mugongoni, bidoni tupu mukononi. Aliangalia shimo muda murefu.

"Mama," akaniuliza, "hizi gari zinafanya nini?"

"Zinashindana."

"Na nani?"

"Na potopoto."

"Na potopoto imeletwa na kamio?"

"Na kamio."

"Na yale maji ya jana?"

"Ndiyo yale."

Akamupandisha mutoto vizuri mugongoni. "Wangetuambia. Kwetu iko bure. Tumeiacha nyingi."

Nilicheka mupaka nikashika tumbo, na hasira haikutoka. Ilikaa tu pembeni ikangojea nimalize.

Jipe nyekundu iliingia ya kwanza. Ilifika katikati, ikalia, ikatupa udongo juu ya nguo za wote, ikakaa. Na hapo ndipo niliona kitu. Watu wa kambi wote, kwa pamoja, walipiga hatua mbele. Hakuna aliyewaita. Wanaume walikuwa wameanza kukunja suruali. Walinzi wa kilabu wakawarudisha na fimbo, na mutu wa kilabu, mwenye kofia na karatasi za alama, akapaza sauti kwamba wakimbizi wakae nyuma ya utepe. Wakarudi nyuma, lakini walikuwa wanaangaliana kama watu waliokatazwa kuitika salamu. Jipe nyekundu ikatolewa na kamba ya chuma, na yule kijana akatoka kwenye mashindano akiwa anapiga teke tairi lake mwenyewe.

Halafu ikaingia ya kijani.

Aliingia vizuri. Alivuka katikati, akapita pale mwenzake alipokwama, na mimi nilikuwa nimekwisha kuanza kumwambia mama wa Kalengera habari za mume wangu. Karibu na ukingo tairi za nyuma zikazama. Injini ikashuka sauti. Jipe ikarudi nyuma kidogo, ikaenda mbele kidogo, ikarudi. Mutu mwenye karatasi alikuwa anaangalia saa yake. Mujukuu wangu hakukanyaga mafuta kwa nguvu. Aliyumbisha gari tu, mbele, nyuma, mbele, na kila mara ilionekana kwangu kwamba inazama zaidi.

Watu wanasema ni wamama wa kambi walioanza. Si kweli. Nilisikia utepe unakatika kwenye kifua changu. Potopoto ilikuwa baridi na ilinifika magotini, haya magoti, na mikono yangu ilikuwa imekwisha kufika kwenye chuma cha nyuma, na mudomo wangu ulikuwa unapiga ile sauti tunayopiga Masisi, ile ya kuhesabu nguvu pamoja. Waliposikia sauti ile, nani angebaki? Walikuja wote. Mama wa Kalengera alikuja na mutoto mugongoni na bidoni bado mukononi. Walinzi wenyewe, wawili, walitupa fimbo wakasukuma. Jipe iliruka kutoka mule kama chura.

Watu wakapiga makofi, wakacheza. Mimi nilicheza pia, naomba munisamehe, nilicheza na potopoto mupaka kiunoni. Halafu filimbi ikalia, na nikamuona mujukuu wangu ndani ya gari. Alikuwa ameweka paji la uso juu ya usukani.

Mutu mwenye karatasi alikuja mbio, lakini si kwangu. Alienda kwa wamama wa kambi. "Hawa wakimbizi," akasema, "nilisema tangu jana wawekwe mbali. Hawaelewi kitu."

"Ni mimi," nikamwambia. "Mimi ndiye nilianza. Hao walinifuata. Andika mimi."

"Wewe hauko kwenye liste, mama."

"Basi utanitoaje kama siko ndani? Toa mutu wako, muache wangu."

"Gari imesaidiwa. Gari inatoka."

Nikamugeukia prezida, aliyekuwa amefika na filimbi yake. "Papa, yeye hakuomba."

"Mama muzee, nilisema bila musaada wa mutu."

"Mimi si mutu, mimi ni koko yake."

Niliona mudomo wake unataka kucheka, na akaukataza. "Sheria ni sheria," akasema, akachukua zile karatasi, na akaandika mustari juu ya jina la mutoto. Mustari murefu, wa pole, kama anapenda ile kalamu.

Nikasema basi maneno ambayo siyaandiki hapa kwa sababu wajukuu wadogo watasoma. Nilisema juu ya siterni na juu ya watoto waliokimbia bure na bidoni. Nilisema kwamba muji huu umekwama tangu nizaliwe, na wao wametafuta mahali pengine pa kukwama ili wajifurahishe. Nilisema kwamba mutu anayeandika sheria ya kukataza watu kusukuma, siku yake atakwama peke yake na hata mbwa hatageuka. Watu wa kambi walikuwa wananiitika kama kanisani. Mujukuu wangu alishuka, akanishika mukono, akanipandisha kwenye gari kama muzigo.

Tuliondoka mupaka tukaingia mujini. Halafu akasema, macho yake barabarani: "Nilikuwa natoka, Koko."

"Ulikuwa unazama."

"Tairi la nyuma lilikuwa limekwisha kupata jiwe chini. Nililisikia kwenye kiti. Nilikuwa nangojea liume tu. Mara mbili zaidi, ningetoka."

Nikamwambia, "Haikuonekana."

"Si wewe ulikuwa unaendesha," akasema.

Ndiyo maneno makali kuliko yote aliyoniambia katika maisha yake, na aliyasema polepole. Siku mbili katika ile nyumba tulipitiana kama wapangaji.

Siku ya tatu alivaa nguo safi akaenda kwenye depo ya prezida, pale alipoambiwa asirudi. Niliyoyajua, aliniambia mwenyewe baadaye. Prezida alimukuta mulangoni, akamwambia, "Nilikuambia ukishindwa usirudi."

"Ulisema nikishindwa," akamujibu. "Mimi sikushindwa. Koko yangu ndiye alishindwa."

Mashofere wake walikuwepo, wale wale. Safari hii walicheka upande wa mutoto. Prezida alikuna shingo, akasema kuna mashindano mengine kabla mvua haijaisha, shimo lile lile, maneno yale yale. "Lakini yule mama," akasema, "muache nyumbani. Ninakuomba."

Alinipa habari hizi tukiwa tunachambua maharagi. Niliwaka. Nilimuuliza huyo mwenye tumbo ni nani wa kunifungia nyumbani mwangu, mimi ambaye askari wa vita mbili hawakuniweza. Akaniacha nimalize. Halafu akasema, "Koko, unaweza kuja. Niapie tu kwamba nikikwama hutasukuma."

Nikaangalia mikono yangu. Ilikuwa juu ya maharagi, inaendelea kuchambua yenyewe, bila kuniuliza. Mutoto huyu sijamudanganya tangu azaliwe.

"Nitabaki," nikasema.

Siku yenyewe nilipika mara mbili chakula cha mara moja. Nilifagia uwanja mupaka nikafika kwenye mawe. Munigi ni mbali, injini haisikiki toka kwetu, lakini kila gari iliyopita barabarani ilinisimamisha mulangoni na ufagio. Jirani aliuliza kama kuna mugonjwa. Nikamwambia aangalie sufuria yake.

Alirudi jua likiwa bado juu. Alikuwa na potopoto mupaka ndani ya nywele. Alipita karibu yangu, akaenda kwenye meza, akaweka ufunguo, murefu, wa gari kubwa.

Nilipiga vigelegele mupaka jirani akaja kweli na sufuria mukononi. Nilimushika mutoto, nikamuacha, nikamushika tena. Nilimwambia jirani, na jirani mwingine, na muuza makala ya kupikia aliyekuwa anapita njia. Ni baadaye, nilipokuwa namumwagia maji kichwani, ndipo nilimuuliza.

"Ulikwama?"

"Mara mbili. Mara ya pili nilifikiri imekwisha."

"Watu walikuwepo?"

"Wengi, Koko. Hata wale wa kambi. Yule mama wa bidoni alikusalimu."

"Na ulipokwama walifanya nini?"

"Walisimama. Prezida alikuwa amewaeleza mapema. Walisimama tu, wakaangalia."

"Wote?"

"Wote. Ndiyo ilitakiwa."

Najua ndiyo ilitakiwa. Sasa anaendesha kamio mupaka Kalengera na mbele ya pale, wakati barabara haijafungwa na vita, na anapopita kwetu anapiga honi, na mimi nakuwa murefu kuliko volkano. Lakini jioni ile nilisimama na kikombe cha maji juu ya kichwa chake, udongo mwekundu unateremka shingoni, na nilikuwa nawaona watu wote wale kandokando ya utepe, na mikono yote ile imekunjwa, na mutoto wangu anazama mara mbili mbele yao. Hakuna aliyetua hata bidoni. Nikikutana nao barabarani, mupaka leo, siwasalimu vizuri.